Shangazi wa Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka ofisi ya kodi! Wamejua nina vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba. Wanataka kujua nani anakaa humo na analipa pango kiasi gani. Afisa atakuja Alhamisi. Nimemnyoa mteja nusu kichwa, nikasahau nusu ya pili.

Balaa ni kwamba wiki iliyopita niliomba mkopo benki, nijenge chumba cha tatu. Kule nimeandika pango mara mbili ya ninalopokea. Benki wanampenda mwenye nyumba aliyeshiba. Ofisi ya kodi wanampenda huyo huyo, ndiyo shida.

Mbinu imenijia nikisuuza brashi. Chumba cha kwanza yupo fundi baiskeli, hajalipa miezi mitatu, huyo hana cha kutozwa. Chumba cha pili yupo mama mshonaji, mjane. Nitasema ni shangazi yangu. Nani anamtoza shangazi pango? Mke wangu amesema nitaumbuka. Hajui biashara.

Jumanne, 4 Juni

Nimemweleza mshonaji. Aliendelea kukanyaga cherehani yake mpaka nikamaliza. Akauliza huyo kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa namna gani, asije akakosea. Nikamwambia sikumjua vizuri. Wazazi walinitoka mapema, nimelelewa na jirani huyu na yule.

Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, macho yake siku hizi hayaoni tundu. Nikamtungia. Akanikumbusha tena kwamba paa linavuja juu ya cherehani. Nikasema subiri mkopo utoke. Mkopo si wa paa, lakini sikuona haja ya kuingia huko.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Afisa wa kodi ni binti mpole mwenye faili kubwa kuliko yeye. Mshonaji alivaa nguo yake ya sherehe. Akamsimulia kwamba alikuwa ananibeba mgongoni nikiogopa radi. Kwamba nilikataa kula mpaka anipulizie kijiko. Kwamba kaka yake alikuwa akinitazama nimelala, anacheka peke yake kwa furaha. Binti aliandika yote.

Mimi nilitoka nje kidogo. Ukuta ule unapukutika chokaa, macho yangu hayaiwezi. (Radi naiogopa kweli. Mke wangu ndiye aliyemwambia. Mbea!)

Jumamosi, 8 Juni

Mambo yamezidi. Shangazi amenigombeza kwa kupita bila kumwamkia. Mbele ya wateja! Akaninyoosha kola. Akasema nimekonda, akamlaumu mke wangu, kisha wote wawili wakacheka.

Tarehe ya pango ilikuwa jana. Nilikwenda mlangoni kwake nikakohoa kidogo, aelewe. Amenipa dawa ya kifua.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Bwana mikopo wa benki amekuja kuwaona wapangaji. Asubuhi nilimsihi Shangazi, kwa nusu saa tu, arudi kuwa mpangaji, tena anayelipa mara mbili. Akasema sawa. Bwana mikopo alipomuuliza, akaniangalia, akashindwa. Akajibu kwamba yeye hajapanga, hapa ni kwa mtoto wa kaka yake. Fundi baiskeli naye akajibu kwamba pango ni kubwa, ila kwa kuwa halipi, halimsumbui. Bwana mikopo akafunga kalamu. Mkopo hakuna!

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia yeye si shangazi yangu, yeye ni mpangaji, tena amechelewa siku tatu. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni mke wangu amenikabidhi kitambaa kilichopigwa fundo. Ndani, pango lote. Shangazi anahama Jumatano, anakwenda kwa binti wa dada yake, mbali. Mke wangu hasemi nami. Najiona mdogo kama punje.

Jumatano, 12 Juni

Cherehani mlangoni, imefungwa shuka. Afisa wa kodi naye huyo anaingia, anataka sahihi yangu: chumba cha pili, ndugu, hakuna pango. Kitambaa kiko mfukoni mwangu. Shangazi anatazama pembeni.

Nikamrudishia afisa kalamu. Nikasema yote. Kwamba ni mpangaji, analipa, mimi ni mwongo. Halafu nikasema ni shangazi yangu pia, hilo si uongo, sina mwingine, jamani mnisaidie kumzuia. Nikaikumbatia cherehani isitoke. Mtu mzima mimi!

Binti akapiga hesabu palepale. Kodi yenyewe ni sawa na kunyoa vichwa kumi na kimoja. Kumi na kimoja! Akasema nikitengeneza paa na kutunza risiti, gharama zitatolewa kwenye hesabu ya pango, kodi ipungue zaidi. Kumbe paa lile lingenisaidia siku zote.

Shangazi akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, kule anakokwenda nani atamtungia uzi. Akainama, akafungua shuka.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepanda paa mwenyewe. Mabati mawili mapya, kidole kimoja kimevimba, risiti ipo. Shangazi alinishikia ngazi huku ananisema. Pango atalipa, amekataa katakata kusamehewa. Sharti lake moja: shikamoo kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha kunyolea. Leo nimemwamkia mara mbili, kufidia ya jana.

Mchana nimemnunulia miwani. Na hapo ndipo akili yangu ilipong'aa! Nimemwomba muuza miwani aandike kwenye risiti: misumari ya paa, jozi moja. Kodi itashuka, na nani atajua?

Shangazi amevaa miwani. Kitu cha kwanza alichosoma ni risiti. Akasema misumari huuzwa kwa kilo, nirudi dukani wakafute jozi, waandike kilo.

Nimekwenda mbio.