Sindano ya Jumatano

Davis aliiona fursa ikipanda mlima huku inahema. Ilikuwa imevaa kitenge cha maua, inaitwa Mama Elinuru, na ilikuwa imesimama katikati ya mteremko wa soko la Lushoto, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye nguzo ya umeme, ikimsimulia mwenzake mambo ambayo kwa kawaida mtu humwambia mchungaji tu.

Mama Elinuru alikuwa tajiri wa kabichi. Kule Lukozi mzigo wa mboga hauteremki kwenda Tanga bila Fuso lake kuhusika, na kwaya ya kina mama haianzi wimbo mpaka yeye akohoe. Siku hiyo alikuwa anatoka kwa daktari, daktari wa kweli mwenye cheti ukutani. Huyo alimweleza kwamba magoti yanamuuma kwa sababu ya uzito, na kwamba siku hizi ipo sindano ya mara moja kwa wiki inayopunguza hamu ya kula. Lakini hainunuliwi kama karanga. Kwanza vipimo, halafu daktari ndiye aandike. Unaanza na kipimo kidogo, kinapandishwa polepole, tumbo likichafuka unarudi kuonwa. Na bado ugali upunguze, na kutembea utembee, kwa sababu ni dawa ya safari ndefu, na ukiiacha hovyo uzito unaweza kurudi.

"Mimi nimemwomba sindano," Mama Elinuru alilalamika, "yeye kanipa semina."

Nyuma yake Davis alikuwa anakula plamsi za kuonja, za meza ya tatu sasa. Tusimwonee Davis. Kazi alikuwa anaijua. Muheza alishawahi kuwauzia watu mbegu za machungwa yasiyo na mbegu, wakamshukuru, na wengine nadhani wanamwagilia mpaka leo. Akafuta mdomo, akasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe ni nani unayekula plamsi za watu na kusikiliza magoti ya watu?"

"Daktari Davis. Kitengo cha uzito."

"Kitengo hicho kiko wapi?"

"Kiko hapa kimesimama mbele yako, mama. Kinawafuata wagonjwa, hakiwasumbui kupanda mlima."

Hilo la kutopanda mlima ndilo lililomlainisha. Kabla hajafika kituo cha basi alikuwa ameshatoa namba ya simu na kuagiza kwamba kitengo kije Lukozi.

Tapeli mvivu mwisho wake ni kituo cha polisi, na Davis hakuwa mvivu. Alikaa na simu yake akasoma kila kitu kuhusu sindano ile, na alivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kumpenda aliyeigundua. Kila wiki! Maana yake mteja harudi mwakani, anarudi wiki ijayo. Kipimo kinapanda! Kikipanda kipimo, bei nayo ikae chini inafanya nini? Ya muda mrefu! Hapo Davis aliweka simu mezani akatazama dari kwa heshima.

Vifaa havikumsumbua. Alinunua kalamu za wino za kubonyeza, akatoa mirija, akazivisha karatasi nyeupe yenye maandishi madogo ya Kiingereza aliyoyanakili kwenye chupa ya shampuu, kwa hiyo mgonjwa mwenye macho makali angeweza kusoma jinsi ya kuosha nywele. Akapata na deli, sanduku la baridi la muuza barafu, akalipaka rangi nyeupe na msalaba mwekundu. Dawa hii hukaa kwenye baridi, alisoma hivyo, na Davis aliheshimu sayansi.

Lukozi alipanga chumba kwa Mzee Zabron, mzee wa kanisa na mwenye zizi nyuma ya nyumba. Kina mama wakaja Jumatano kwa Jumatano, wa kwanza Mama Elinuru, na wengine kwa sababu Mama Elinuru amesema. Davis alipaka spiriti tumboni, akaweka kalamu, akabonyeza. Tik.

"Mbona sijasikia kitu?" aliuliza Yusta, mwimba sauti ya pili, mwanamke mwenye kawaida ya kuuliza.

"Sindano nyembamba mno hiyo," Davis alimjibu. "Ukiisikia ujue ni ya zamani."

Kisha alitoa masharti, maana bila masharti dawa hainogi. Ugali saizi ya ngumi, na ngumi iwe yako, si ya mumeo. Soda basi. Bodaboda basi, tembea mpaka jasho lishuke mgongoni. Yote hayo aliyatoa kwenye simu, na yote, la ajabu, yalikuwa kweli. Kina mama wakayafuata kwa uaminifu wa kwaya, ingawa hapa na pale kuna aliyeruka ubeti. Baada ya muda sketi zikaanza kuzunguka viunoni, Mama Elinuru akapanda kilima cha kanisa bila kushika mti, na sifa za Davis zikavuka bonde.

Wenye noti walilipa noti. Lakini Lukozi, mavuno yakiwa bado shambani, noti nazo ziko shambani, kwa hiyo wengine walileta ndoo ya asali, magunia ya viazi, maharage, majogoo. Chumba kikajaa mpaka Davis akawa analala na miguu juu ya gunia. Wakati wa kupandisha kipimo ulipofika, alimweleza Mama Elinuru kwamba sasa kuna dozi kubwa ya kumalizia, adimu, na mwenye akili angetoa hata ng'ombe. Mama Elinuru, akiwa na furaha ya magoti mapya, akamtoa Tunda.

Hapa inabidi nimtambulishe Tunda. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na Mama Elinuru alishatamka mbele ya wakwe kwamba ndiye wa kumwanzishia maisha bintiye Elinuru, anayeolewa baada ya mavuno. Kumtoa Tunda kulikuwa ni kutoa neno lake mwenyewe. Alijiambia atanunua mwingine. Usiku akamkumbuka, akalia kidogo, akalala.

Kilichomzindua ni nguruwe.

Mama Elinuru alikuwa na nguruwe mmoja, mlafi, mwenye tabia ya kula na kamba aliyofungiwa. Jumatano moja pumba zilipanda bei, na yeye akapata wazo ambalo linaweza kumjia mfugaji tu: kama dawa inaua hamu ya kula, kwa nini isimsaidie na huyu apunguze gharama? Alikuwa amepewa kalamu za akiba. Akampiga nguruwe moja ya shingo, tik, na ya pili kwa usalama, akakaa kusubiri.

Nguruwe alikula pumba. Akala maganda ya viazi. Akala kabichi iliyokuwa ya kesho, kisha akamgeukia Mama Elinuru akampokonya kalamu mkononi na kuitafuna, na katikati ya meno ikachomoka springi ndogo, ndugu ya ile iliyo kwenye kalamu za wanafunzi wote wa Tanzania.

Mama Elinuru aliiokota. Akakaa juu ya ndoo. Yeye alipungua, nguruwe hakupungua, na tofauti yao ilikuwa moja tu: nguruwe hakusikiliza masharti. Kwa hiyo magoti yamepona kwa ugali wa ngumi na kutembea, maneno aliyoyakataa alipopewa bure na daktari akaja kuyanunua kwa ng'ombe. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Halafu haya ikaisha, ikaja hasira, na hasira ya mwanamke wa kabichi haina papara.

Polisi hakwenda. Angesimamaje kaunta aeleze kwamba yeye, kiongozi wa kwaya, amechomwa na kalamu ya wino? Alikwenda kwa Yusta, wakacheka hadi wakashikana, kisha wakaenda kwa Mzee Zabron. Zabron alisikiliza, akashika kidevu, akauliza swali moja: huyu kijana kanisani ameshawahi kuingia? Yusta alishamuuliza zamani. Davis alizaliwa Dar, na kanisani alifika kwenye harusi tu, tena mlangoni, akinusa pilau.

"Basi Bwana ni mwema," Zabron akasema.

Kwa upande wake Davis alikuwa ameanza kuwashwa nyayo. Tapeli mzuri huondoka watu wakiwa bado wanacheka naye. Ila utaondokaje na ng'ombe? Barabarani anatakiwa kibali, kibali anaandika mtendaji wa kijiji, na mtendaji atauliza mtamba umeupataje. Ndipo Mama Elinuru alipomjia na ndizi mbivu na uso wa unyenyekevu.

Alimwambia kwamba wamesikia daktari anataka kushuka Tanga, na kwamba Fuso lake linashuka Jumapili mchana, na nafasi ya mtu na mali yake yote ipo. Ila Jumapili hiyo ni Sikukuu ya Mavuno. Kwao, mtu aliyebarikiwa haondoki na baraka zake kimyakimya. Anazipeleka mbele, kila kitu, zinaombewa kanisa zima likishuhudia. Mtendaji hukaa benchi la pili.

"Na baada ya hapo?" Davis aliuliza.

"Baada ya hapo, Daktari, hakuna mtu atakayekuuliza mali hii umeipata wapi."

Tazama uzuri wa mwanamke huyu. Hakusema uongo hata neno moja.

Jumapili Davis alivaa koti jeupe. Kwaya ikaimba, watu wakapanda na malimbuko yao, huyu kikapu cha karoti, yule muwa, bibi mmoja yai moja kwenye leso. Halafu akaja Davis. Asali, viazi, maharage, majogoo, vijana wakibeba, na mwisho Tunda mwenyewe na shada la maua shingoni akavutwa mpaka mlangoni. Davis alinogewa hata akalirudia deli na kulipeleka madhabahuni. Vigelegele vikapasua paa. Mchungaji alitamka kwamba tangu aanze utumishi hajaona mgeni mwenye moyo wa namna hii, na Davis akainamisha kichwa, akiwaza mnada wa ng'ombe wa Tanga.

Mnada ulikuwa karibu zaidi ya hapo. Ibada ilipoisha, vyote vilitolewa nje, na Mzee Zabron, ambaye ndani alikuwa anasinzia, akapanda juu ya benchi akiwa mtu mwingine kabisa. Akainua ndoo ya asali. Asali ya nyuki wa Magamba, nani anaanza? Mtu akataja bei. Mwingine akaongeza.

Davis alipenya hadi mbele. "Samahani mzee. Hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako, Daktari," Zabron akamjibu kwa upole. "Ukaipeleka mbele, ikawa ya Bwana. Lakini usihuzunike, Bwana anauza."

Davis alitazama huku na huku: kanisa zima linamtabasamia, mtendaji yupo, njia imejaa kwaya. Akafanya hesabu ya kitapeli, kwamba bora kuokoa kidogo kuliko kukosa vyote, akataja bei. Kina mama wakamzunguka wakicheza. Daktari amenunua asali! Na je, anairudisha?

"Kuirudisha wapi?"

Yusta ndiye aliyemwelimisha. Mtu mkubwa akinunua kitu cha Bwana hukirudisha mnadani kinunuliwe tena, ndiyo sadaka inavyokua. Mwalimu mkuu karudisha. Mtendaji karudisha. Daktari anayetibu mlima mzima atashindwa na ndoo ya asali? Davis alifungua mdomo kukataa, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza, na ulikuwa na jina lake ndani. Akairudisha. Akainunua tena. Akanunua jogoo, akarudisha. Lile yai la bibi alilinunua, akalirudisha, akalinunua, na kila mara noti zilitoka kwenye koti jeupe kwenda kwenye kapu la sadaka, zilikotakiwa kuwa tangu mwanzo, kama ungeniuliza mimi.

Mwisho akaletwa Tunda. Kelele zikakoma. Mama Elinuru alifungua pindo la kitenge, akataja bei ambayo kwa kawaida hupati hata kwato. Zabron akauliza kama kuna mwenye kuongeza. Hakuna aliyejibu, waumini wote walikuwa wamegundua ghafla jinsi milima ya Usambara ilivyo mizuri, wakawa wanaitazama. Davis alipekua mifuko. Akapata kalamu mbili.

"Mara ya kwanza," Zabron akasema. "Mara ya pili. Amekwenda kwa Mama Elinuru."

Mama Elinuru alimshika Tunda kamba, akamwegemea shingoni, na hapo alilia wazi bila kujificha. Deli alilinunua Yusta. Alisema atauza barafu.

Walimpa Davis chakula, hatuna ukatili huo. Mama Elinuru alimpakulia mwenyewe, ugali saizi ya ngumi, wala si ngumi kubwa. Davis aliutazama, akauliza kwa sauti ndogo kama Fuso bado linashuka.

"Linashuka," akasema Mama Elinuru. "Mimi nashuka nalo mpaka Lushoto, kesho asubuhi nipo kwa daktari, nikafanye vile vipimo, atakaloandika ndilo hilo. Lakini wewe nikupakie kwenye gari? Nitakuharibia dozi, mwanangu. Masharti si uliyatoa wewe?"

Kisha akamkabidhi springi, ile ya nguruwe, akamfumba kiganja juu yake kwa adabu zote.

Davis aliumaliza ugali kwa matonge mawili. Akavua koti jeupe, akaliweka begani, akashika njia ya Lushoto kwa miguu, miinuko na mabonde, msitu wa Magamba na baridi yake. Fuso lilimpita likipiga honi, kwaya nzima, waliokuwa wanamsindikiza Mama Elinuru, wako juu ya kabichi wakiimba wimbo ule wenye jina lake. Soda hakunywa, maana hakuwa na ya kununulia. Bodaboda nazo zilipunguza mwendo zilipomfikia, zikamsoma, zikaendelea. Alipozikaribia taa za mjini, jasho lilikuwa linashuka mgongoni na suruali inamvuka, anaishikilia kwa mkono. Tangu aanze udaktari, yeye mwenyewe ndiye mgonjwa wake wa kwanza kufuata masharti yote bila kuruka hata moja.