Bisha Hodi kwa Mwenyekiti

Umoja wa Wazazi na Walimu una furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wazazi wasio na vyeo limekwisha shuleni. Kila mzazi sasa ni kiongozi.

Wazo lilikuwa la Mwenyekiti mwenyewe, naye alijipongeza kikao kizima. Palikuwa na Katibu, Kaimu Katibu, na Msemaji wa Kaimu Katibu, ambaye hakufungua mdomo ila kwa chai. Fundi seremala alipewa Uratibu wa Chai, maana Idara ya Mbao alishapewa mwalimu wa muziki. Mwenyekiti alijitwalia stoo ya madawati iwe ofisi, akaitia mlango mpya wenye maandishi manene: MWENYEKITI. BISHA HODI.

Ni kweli mlango huo ulinunuliwa kwa ajili ya choo cha wasichana, ambacho mlango wake uling'oka zamani ikabaki fremu. Lakini ulipoletwa kikaoni, viongozi wote waliona una hadhi kubwa mno kwa choo.

Siku ya uchaguzi ikazuka dosari. Katiba, aliyoitunga Mwenyekiti, ilisema kiongozi hapigi kura, asije akajipendelea. Macho yakazunguka ukumbini kumtafuta asiye kiongozi. Akapatikana mmoja tu, mama fundi cherehani. Siku ya kugawa vyeo alikuwa na sare za watu za kushona, wakamsahau.

Mwenyekiti akamsogelea kwa tabasamu la mkwe mpya.

"Mama yangu, una bahati! Leo wewe ndiye wananchi wote."

"Nimesikia, baba. Choo cha wasichana je?"

"Suala hilo liko kwenye mchakato. Tumeliundia kamati ndogo."

"Binti yangu hanywi maji kutwa nzima, asije akabanwa akakosa pa kujisitiri. Akirudi nyumbani anaivamia ndoo. Mimi mamaye inaniuma. Sasa hiyo kamati ndogo, mtoto anajifungia ndani yake?"

Viongozi wengi waligundua kwa pamoja kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa.

"Mlango kwanza," akasema mama. "Kura baadaye."

Mwenyekiti akaona kiti kinamponyoka. "Jamani, nani ana mlango?"

Mratibu wa Chai akatua birika, akatoa bisibisi mfukoni. "Upo mmoja, mkuu. Unaujua."

Chai haijapoa, mlango ukawa umepachikwa chooni. Mama akapiga kura. Mwenyekiti akashinda kwa asilimia mia moja, akawashukuru wapiga kura kwa kujitokeza kwa wingi.

Wiki iliyofuata alikuwa akisinzia ofisini kwake, peupe kama muuza nyanya, aliposikia sauti kutoka darasa la jirani.

"Mwalimu, naomba niende kwa Mwenyekiti."

"Nenda, mwanangu."

Machozi yakamlengalenga. Kumbe watoto wanampenda hivi! Akaweka tai sawa, akapangusa kiti cha mgeni, akaketi wima.

Binti wa fundi cherehani akapita mbio mbele yake, chupa tupu ya maji mkononi, bila hata shikamoo. Alipofika kule mbele akasimama, akasoma mlango, na kwa adabu zote akabisha hodi.