Lengo Lililotimia Mara Thelathini na Nne

Jumatatu, 3 Februari 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Miaka themanini na tatu! Hata jembe huchoka. Nimeamua kuungama kabla sijaitwa.

Dhambi yenyewe: nimefundisha muziki shule ya msingi hapa Izigo miaka thelathini na nne, na sijui kusoma nota za mistari. Do-re-mi naijua kama jina langu. Lakini ile mistari mitano! Naona viluwiluwi vilivyonasa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kila Januari niliandika katika fomu ya malengo ya mwalimu: kujifunza nota za mistari. Kila Desemba: limetimia. Hakuna aliyeshtuka. Kila Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma kanisani, Rutaihwa, mpiga kinanda wa parokia, akifanya mazoezi, nikanasa wimbo kwa sikio. Jumatatu niliuimba darasani, huku nikikikodolea kitabu macho makali.

Leo nilipanga kumwambia Joanitha. Nilimfundisha akiwa mtoto, sasa ndiye mwalimu wa muziki pale pale. Akanitangulia kusema. Lengo lake la mwaka ameshaliingiza kwenye mfumo, na mwalimu mkuu amelikubali: kujifunza nota za mistari kwa Mwalimu Kahigi, yaani mimi. Ijumaa ya wiki ijayo mthibiti ubora wa shule atakuja kumtazama akifundisha. Akifanya vizuri, atakwenda Bukoba kuwanoa walimu wenzake. Nafasi hiyo ameiomba miaka mitatu.

Nikasema tuanze Alhamisi. Ee Mungu!

Jumatano, 5 Februari

Nimemwita Rutaihwa. Hatujapendana tangu 1971, alipochaguliwa yeye kupiga kinanda parokiani. Nikamwambia vijana wanasema siku hizi hata mistari haikumbuki. Akawaka! Akadai karatasi. Alieleza saa nzima, nami nikinakili chini ya blanketi. Akauliza kwa nini blanketi linatikisika. Nikasema ni moyo. Ephrasia, mke wangu, akatoka kwenda kuchekea migombani.

Akiondoka Rutaihwa akasema ningekuwa mtu mwingine angedhani najifunza. Lakini Kahigi, kujifunza? Ng'ombe atatangulia kusoma misale!

Nimemvumilia. Karatasi ninayo.

Ijumaa, 7 Februari

Somo jana, somo leo. Joanitha anashika upesi. Swali moja tu lilinishinda, nikakohoa mpaka akalisahau. Ajabu ni furaha niliyoipata. Kwa siku mbili nimekuwa yule mwalimu niliyekuwa nikimwandika kwenye fomu. Sikujua kama nilimtamani kiasi hiki.

Jumapili, 9 Februari

Padri ameniletea komunyo. Nikaungama yote. Akauliza kama ni hayo tu. Nilijisikia vibaya kidogo. Malipizi: nimwambie Joanitha kabla ya Ijumaa. Nikaomba rozari badala yake, hata tatu kwa siku. Akakataa. Mapadri wa siku hizi hawana huruma na wagonjwa.

Jumanne, 11 Februari

Maafa! Joanitha amewarekodi watoto kwa simu, akaja kunisikilizisha. Wimbo wa kupanda miti. Ephrasia akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani amefariki.

Nikaomba kitabu, nikakilinganisha na karatasi ya Rutaihwa. Mwanzoni mwa mistari kuna alama, na hazifanani! Moja ni ya sauti za juu, nyingine ya sauti za chini. Rutaihwa kinandani hupiga zote mbili, lakini maisha yake yote anaimba besi. Alinieleza ya kwake tu, nami nikamfundishia Joanitha wimbo wa watoto. Kila nota imehamia kwa jirani.

Hapo ndipo ningesema. Joanitha mwenyewe aliuliza kwa heshima ya kwetu, waitu, mbona wimbo huu unaliza? Nikajibu kwamba mtunzi aliipenda sana miti.

Akaliandika daftarini.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi nilimwambia Ephrasia anipeleke shuleni. Akasema nitafia njiani. Nikasema basi nifie upande wa shule. Akaita bajaji.

Tumewakuta. Watoto arobaini wakiizika miti. Mthibiti amevua miwani. Mwalimu mkuu ameinamisha kichwa, nadhani alikuwa akisali. Nikajishikiza mlangoni, nikasema yote: miaka thelathini na nne, kiti cha nyuma kanisani, blanketi. Kwenye blanketi watoto waliangua kicheko.

Joanitha hakucheka. Aliniita kama baba yake, akasema polepole: "Tata, ungeniambia ile Jumatatu."

Basi. Angenigombeza, ningejitetea, hiyo kazi naiweza.

Akafuta ubao. Akaandika do-re-mi, akaanza upya, na kabla kengele haijalia watoto wakauimba wimbo mpaka ukasimama wima. Mthibiti akasema ufundishaji ni mzuri, ila lengo halijatimia. Bukoba atakwenda mwingine. Joanitha akashukuru kwa heshima zote, akatoka nje kunawa chaki. Alinawa muda mrefu.

Katika bajaji Ephrasia hakusema neno. Miaka hamsini na sita ya ndoa, hii ni mara ya kwanza. Nililia.

Jumatano, 19 Februari

Amani! Moyo mwepesi kama wa mtoto. Sasa naweza kufa.

Joanitha amekuja. Nota za mistari anajifunza kwa Rutaihwa, sawa, nimemeza. Habari kubwa ni kwamba bado kuna nafasi moja ya Bukoba, mwezi wa Juni, kwa mwalimu wa ala za asili. Ameruhusiwa kubadilisha lengo. Anafikiria enanga, ile ala ya nyuzi ya wazee wetu, lakini anahitaji mtu wa kumfundisha. Akasogeza kigoda, akanishika mkono. Akasema safari hii hataki mchezo. Kama siijui niseme tu, atatafuta mwingine na hatanichukia hata kidogo.

Nikamtazama machoni. Nikamwona anavyonitegemea.

Nikasema nimeipiga tangu utotoni.

Tunaanza Jumamosi. Lazima nipate mtu asiyenijua, nimuulize ina nyuzi ngapi.