Mtu wa Kupunguza Kodi Crowshaw

Des Pickersgill aliiona riziki yake imebandikwa kwenye dirisha la duka la mikate: tangazo kwamba kodi ambayo serikali ya mtaa hutoza kila nyumba itapanda tena mwezi wa Aprili. Mbele yake walisimama wazee watatu wakinung'unika kama Waingereza wanavyonung'unika, yaani bila nia yoyote ya kufanya kitu. Des akanunua mkate wa soseji, akaumaliza palepale, na tayari alikuwa na kazi.

Jumatatu alitokea na suti ya kijivu, kitambulisho alichojichapishia maktaba, na mdomo wake.

"Mama, unajua nyumba yako iliwekwa daraja la kodi mwaka tisini na moja, na mtu aliyepita na gari bila hata kushuka? Wamekupandisha bure. Mimi nakushusha. Paundi themanini tu, karatasi zote juu yangu."

Ukweli ni kwamba kuomba kushushwa daraja hakulipiwi, na anayeomba anaweza kujikuta amepandishwa, yeye na majirani zake. Des hakuligusia hilo. Lakini tumtendee haki: hakukusudia kupeleka barua hata moja, kwa hiyo hakuna ambaye angepandishwa. Jumamosi angekuwa mji mwingine, Blackpool, na jina jingine.

Kufikia Jumatano nyumba tano zilikuwa zimelipa na kupewa risiti. Ya sita ilikuwa ya Bi Winifred Oldroyd, mjane wa miaka sabini na sita, karani wa baraza dogo la kijiji cha Crowshaw.

Bi Oldroyd naye alikuwa na lake. Ukumbi wa kijiji, ambamo wastaafu hula pamoja kila Jumanne, ulikuwa hatarini. Baraza halikutani bila madiwani watatu. Lisipokutana, ukumbi unachukuliwa na wakubwa wa mjini, na hao walishapata mtu wa kuugeuza vyumba vya kupangisha. Viti vilikuwa vitano. Waliojitokeza kugombea, wawili. Mwisho wa kupokea fomu, Ijumaa saa kumi jioni. Alikuwa amembembeleza kila mtu, lakini mtu wa Crowshaw yuko tayari kukupa figo yake kuliko kukubali udiwani.

"Ingia, mwanangu, birika limechemka," akamwambia Des.

Akamsikiliza kwa vikombe viwili vizima.

"Unaongea vizuri wewe. Unaishi hapahapa?"

"Juu ya duka la samaki na chipsi, mama. Mwaka na nusu sasa."

"Umejiandikisha kupiga kura?"

Des akacheka. "Kura sijapiga tangu nizaliwe. Ila jina limo. Bila kuwemo kwenye daftari lile, nani atakukopesha simu siku hizi?"

Bi Oldroyd akamsogezea biskuti za chokoleti, zile ambazo kwa kawaida hufichwa mgeni akibisha hodi.

"Nina wenzangu kumi na wawili wa chakula cha Jumanne. Wote watapenda kushushwa. Ila ni watu wa karatasi hao. Ukitaka wasaini zako, na wewe usaini zao."

"Zinasema nini?"

"Kwamba wewe ni mkazi, hujafilisika, na umekubali kututumikia."

Kumi na wawili mara themanini. Des alipiga hesabu hiyo kabla biskuti haijalainika mdomoni.

Ijumaa mchana alizisaini ukumbini, kurasa nne, akitabasamu kwa kila mmoja. Hakusoma hata mstari. Miaka ishirini alikuwa akila kwa sababu watu hawasomi wanachosaini, na haikumjia akilini kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

"Na bahasha zenu za pesa?" akauliza.

"Jumatatu. Benki ya hapa si waliifunga? Mpaka tupande basi."

Blackpool ikasogezwa mbele. Bi Oldroyd akapanda basi siku ileile, akazikabidhi fomu mjini saa kumi kasoro dakika ishirini.

Jumatatu Des alikuta jina lake mlangoni pa ukumbi. Wagombea watatu, viti vitano, hakuna haja ya kura.

"Hii ni nini, Bi Oldroyd?"

"Udiwani. Hongera."

"Mshahara wake?"

"Hakuna. Chai ipo."

"Basi najiuzulu."

"Ruksa. Bwana wa gazeti yuko njiani, utamweleza sababu, akupige na picha." Akaweka fomu nyingine mezani. "Ukikubali, jaza hii. Diwani hutangaza kazi inayomlisha, nasi tunaibandika wazi watu wasome." Kando ya fomu akapanga risiti tano alizokusanya kwa waliolipa, taratibu. "Hizi utaziandika humo, au utawarudishia watu pesa zao kwanza?"

Des akatazama mlango. Bwana Tordoff, aliyekuwa diwani kwa miaka thelathini sasa, alikuwa ameweka kiti chake palepale, anakula mkate wa mayai bila haraka.

Jioni hiyo Des alipita nyumba tano akirudisha pesa na kueleza kwamba huduma imekuwa ya bure. Wakamsifu kwa uaminifu, kisha, kwa kuwa sasa ni diwani wao, wakamshtakia mavi ya mbwa njiani.

Kikao cha kwanza kilikuwa na jambo moja. Paa la ukumbi linavuja. Ili litengenezwe, kila nyumba iongezewe paundi kumi na moja kwenye kodi. Diwani wa kwanza akaunga mkono. Bwana Tordoff akapinga, kwa kuwa hasikii vizuri na hupinga kila kitu kwa tahadhari. Ukumbi mzima ukamgeukia Des.

"Huyo ndiye yule wa kupunguza kodi," bibi mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Diwani Pickersgill?" akauliza Bi Oldroyd, kalamu mkononi.

Des akanyoosha mkono juu. Kuanzia Aprili kila nyumba ya Crowshaw ililipa zaidi kwa sababu yake, na ya kwake juu ya duka la chipsi ikiwemo, na hakuna hata senti moja iliyopita mfukoni mwake.