Kilomita Mia Tano za Kwanza

Asubuhi baridi kali ilipoukamata mji wetu wa Kuusiniemi, huku Savo, magari thelathini na moja yalikuwa kwenye foleni mbele ya gereji pekee ya matairi, na wenyewe wamekaa ndani na chupa zao za kahawa kana kwamba wamehamia humo. Kila mwaka ni vivyo hivyo. Tunajua majira ya baridi yanakuja, yalikuja enzi za babu zetu pia, na bado yanatukuta na matairi ya kiangazi.

Tarmo Lehto aliipita foleni hiyo polepole na gari lake jeupe la mizigo. Akasoma karatasi mlangoni: nafasi iliyo wazi, baada ya wiki tatu. Akaisoma tena kwa raha, akageuza gari na kwenda kupanga meza uwanja wa soko.

Huyu Tarmo alitoka kusini, na kazi aliyoiweza ni moja tu, kuongea. Nyuma ya gari alikuwa na matairi aliyookota karibu bure kwenye jalala la vyuma, kila moja kwenye rimu yake. Kashata za mpira zilibaki kidogo, na mashimo ya misumari, ile ya kung'ata barafu, yalikuwa wazi kama mdomo wa kibogoyo. Aliyapaka rangi nyeusi yakang'aa, akanunua misumari ya tairi kwa kilo, akaichomeka mmoja mmoja kwa gundi ya bei poa. Ukiyatazama kwa macho tu, ungeyaoa.

Wa kwanza kunasa alikuwa mfamasia wetu, Rauno Immonen, mtu anayekata tembe nusu ili zisiishe haraka.

"Mbona bei nusu?" akauliza.

Tarmo akashusha sauti. "Daktari, mwenye ghala amefariki. Mjane anataka liwe tupu kabla hawara wa marehemu hajaleta wakili."

"Mimi si daktari. Na huwa natumia yasiyo na misumari."

"Kwenye theluji, sawa, tairi laini linashika. Lakini barafu iliyolowa maji? Ile haitaki ulaini, bwana wangu, inataka meno."

Hapo alisema kweli. Tarmo alikuwa na tabia hiyo mbaya, ya kuuchanganya uongo na ukweli kama mwenye maziwa anavyochanganya maji.

"Sharti ni moja," akaendelea. "Kilomita mia tano za kwanza, taratibu. Usikanyage mafuta, usifunge breki ghafla. Misumari ikae vizuri."

Na hiyo nayo ni kweli tupu. Kila dereva wa huku amefundishwa hivyo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Tarmo alishapiga hesabu zake: sisi huendesha hadi dukani, kanisani, na kwa wakwe tukilazimishwa. Mia tano zingetuchukua mwezi. Ukienda taratibu, gundi nayo inavumilia. Gundi ikichoka, Tarmo atakuwa Sweden anakula samaki.

Rauno akanunua seti mbili. Kufikia Ijumaa nusu ya foleni ilikuwa imehamia sokoni. Mimi pia nilinunua. Tuendelee.

Mchana wa siku hiyo akaja Sylvi Karppanen, mama wa miaka sitini na tatu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Yeye ndiye dereva wa gari la shule, la abiria tisa, ambalo na gari la Tarmo ni mama mmoja baba mmoja: kampuni ile ile, mwaka ule ule.

"Nabeba watoto sita," akasema. "Kila asubuhi tunateremka Mustavaara."

Mustavaara ni mteremko unaoanzia msituni na kuishia hapo hapo sokoni. Aliyewahi kuuteremka mwezi wa Novemba haongei akiwa njiani.

"Kwa watoto, mama yangu, haya ndiyo yenyewe," Tarmo akasema, mkono kifuani. Watoto sita, na uso haukumbadilika hata kidogo.

"Na la kwako umelifunga yapi?"

"Haya haya, mama. Yote ni mamoja."

Sylvi akayatazama magurudumu ya gari jeupe, kwa muda. Yalikuwa mapya kabisa, ya kiwandani, kwa sababu Tarmo hakuwa mjinga. "Aha," akasema, akalipa, akaondoka na manne. Banda lake lilikuwa limejaa mashua ya kaka yake, kwa hiyo akayaweka chumba cha kuvulia nguo, kwenye sauna yao ya kuogea mvuke.

Kaka yake, Urho, ana mgongo mbovu na huwasha sauna kila siku. Jioni ile aliingia, akakaa kama saa nzima, akatoka pekupeku. Sylvi akasikia mlio, kisha sauti ya Urho.

"Sylvi. Nimekanyaga tairi."

Joto lilikuwa limeilegeza gundi. Misumari ilitapakaa sakafuni kama pilipili manga, na mmoja ulikuwa kwenye kisigino cha Urho. Sylvi akakaa kwenye benchi na taulo mapajani. Alimfikiria Eevi, mwenye miaka saba, anayekaa kiti cha mbele kwa sababu anatapika akikaa nyuma. Akainama, akaanza kuiokota misumari mmoja mmoja.

"Tuwapigie polisi?" Urho akauliza.

"Wako mbali, na yule ataongea mpaka wanunue. Kanda unga wa rai, ule wa mkate mweusi."

Jumamosi saa tano Sylvi alikuwa mbele ya meza ya Tarmo.

"Kijana, tuna madereva kumi na mmoja wa magari ya shule wilaya hii," akasema. "Na kaka yangu ni mwenyekiti. Leo mchana yuko sauna. Mazungumzo yake yote anayafanyia humo."

Watu wa Savo hatudanganyi. Tunaweka kweli mbili ubavu kwa ubavu, mgeni anaziunganisha mwenyewe. Urho ni mwenyekiti wa chama cha wavuvi.

Tarmo akapiga hesabu. Kumi na moja mara nne. Meli ya Sweden inaondoka saa tatu usiku, bandari iko kilomita mia nne na ushee. Akitoka saa nane anafika na nafasi ya kunywa bia.

"Mama," akasema, "sauna ya Jumamosi hainyimwi mtu."

Akapandisha gari hadi kwa Sylvi, juu ya Mustavaara, akaacha nguo kwenye msumari wa ukutani, funguo mfukoni, akaingia kama alivyozaliwa. Urho alimkaribisha kwa kichwa. Tarmo akaanza kueleza mpira, kashata, misumari, na kila alipokaribia bei, Urho alimwaga kata ya maji juu ya mawe ya moto, mvuke ukamfunga mdomo.

"Kwa yote kumi na moja naweza kukufanyia..."

Pshiii.

"Nasema, mwenyekiti, kwa heshima yako..."

Pshiii.

"Umenielewa lakini?"

"Nafikiria," Urho akasema. Alifikiria kwa saa moja na robo.

Nje, Sylvi alikuwa amelala chini ya gari jeupe na jeki, na Rauno mfamasia amemshikia nati kwenye kofia, akihema kwa uchungu wa seti mbili. Misumari iliyodondoka ilikwisharudishwa kwenye mashimo ya yale matairi manne ya sauna, kwa unga wa rai uliokandwa. Kwenye baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri, unga ule uliganda ukawa mgumu kuliko gundi ya Tarmo, ilimradi gari limesimama. Uliobaki, Sylvi aliufungia samaki akaoka mkate wa kalakukko.

Tarmo akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akapewa jibu kwamba mwenyekiti ataendelea kufikiria. Akapewa na kalakukko ya njiani, bado ya moto. Akatupa jicho kwenye magurudumu: misumari ipo, rangi nyeusi inang'aa. Akawasha gari.

Sylvi akagonga kioo. "Kilomita mia tano za kwanza, taratibu."

Tarmo akacheka mpaka barabarani. Hao watu wa mashambani.

Alipoanza kuteremka Mustavaara akasikia tik. Kisha tik tik, chini ya sakafu. Mji mzima hakuna aliyeujua mlio ule kumzidi. Akakanyaga breki kidogo sana, gari likajifikiria, likasimama limekaa upande. Akashuka, akainama, akachokonoa tundu kwa kucha. Akanusa kidole. Rai.

Akarudi kukaa. Kupanda hawezi, kwa matairi yale. Kumpigia simu mtu, aseme nini? Akaanza kuteremka, mguu kwenye breki, jasho la pili la siku ile likimtoka. Bibi mmoja wa miaka themanini, akisukuma kigari chake cha kuteleza, akampita na kumwamkia.

Mita mia mbili za mwisho gari liliamua lenyewe. Likaserereka polepole, kinyumenyume, likaingia sokoni bila kelele yoyote na kusimama kwenye meza yake mwenyewe ya biashara. Tulikuwa pale wote, kila mtu na matairi yake manne miguuni. Sylvi alikuwa ametupigia simu.

Yeye mwenyewe akafika na gari la shule, akishuka Mustavaara kama anayeshuka ngazi za kwake. Akafungua mlango wa Tarmo.

"Jumatatu ingekuwa mimi," akasema. "Na watoto sita nyuma yangu. Toa fedha za watu."

Tarmo akatoa kopo la fedha chini ya kiti. Rauno alilipokea. Mimi nilirudishiwa zangu, na sikumtazama mtu usoni. Kisha Tarmo akashuka, akaliona gari la Sylvi, akayaona chini yake magurudumu mapya ya kiwandani, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mji wetu akatafuta maneno.

"Mama," akasema, "na matairi yangu?"

Sylvi akanyoosha kidole kwenye lile rundo letu lote, matairi ya vipara vilivyopakwa rangi.

"Chagua manne unayotaka. Si ulisema yote ni mamoja?"