Kumi kwa Moja

Jumatatu, 3 Machi

Chama chetu cha wanahisa kimekutana nyuma ya duka langu la ushonaji. Ni kwangu kila mara, kwa sababu viti ni vyangu. Soda pia zangu. Shukrani hakuna.

Tuko saba. Tumenunua hisa za kampuni inayotengeneza vile visanduku vya kuunganisha kompyuta za maofisini, vyenye taa za kijani zinazopepesa. Vinafanya nini hasa, sijui. Kitu kinachopepesa kina kazi, basi.

Mwenzetu Dobi kaingia anahema. Shemeji yake hufunga nyaya za kampuni hiyo, na amesikia ngazini kwamba Ijumaa kuna tangazo kubwa. Kampuni itagawa hisa, kumi kwa moja! Tumeruka wote. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, hakuwepo. Jino. Afadhali, angetuambia tutulie.

Itagawa! Una moja, unapewa kumi. Nilipiga hesabu kwa chaki gotini, kimya kimya. Ninazo 36, kila moja elfu tano. Mimi hakuna aliyenisomesha. Hesabu nimejifunzia kwenye viuno vya watu, na sijawahi kukosea sentimita moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi, Suti Moja. Jina nimempa mimi, maana suti ya dirishani kwake ni ileile mwaka wa sita huu. Naye ni mwanachama, ana hisa 24, ila haji mikutanoni tangu nilipomwambia mbele ya watu kwamba mikono ya mashati yake hailingani. (Hailingani. Nilipima.) Kwa hiyo hajasikia kitu!

Nimecheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kama ile pini nimemchoma makusudi.

Zile 24 lazima ziwe zangu kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Taslimu sina. Nina mashine ya kudarizi, laki mbili ukiiuza leo. Hisa zake ni laki na ishirini. Kwa mjinga hiyo ni hasara ya elfu themanini. Kwa anayejua kuzidisha, 24 zinakuwa 240, yaani milioni moja na laki mbili.

Nimevuka barabara na sura ya msiba. Nikamwambia mgongo umegoma, kudarizi siwezi tena, bora mashine iende kwa fundi mwenzangu kuliko kwa mgeni. Pesa sitaki, anipe zile hisa tu, hata kama hazina maana. Suti Moja akaniita dada. Dada! Miaka yote naitwa "huyo wa pale". Akauliza kama nyuzi zinafuatana na mashine. Nikasema zote. Akakubali kabla sijamaliza kukohoa. Kufika adhuhuri tulishasaini kwa dalali wa hisa.

Nina 60! Bwana yule kafyonzwa mchana kweupe!

Mume wangu kakuta pengo kando ya dirisha, akauliza mashine imekwenda wapi. Nikamwambia imekwenda kuzaa. Akasema kodi ya nyumba inalipwa na nembo za shule, na nembo za shule zinatoka kwenye mashine ile, sasa muhula ukifunguliwa tutadarizi kwa meno? Mtu mwema sana. Upeo hana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku haitembei. Nimeagiza bango jipya: USHONAJI WA KIMATAIFA. Nimemwambia mteja wa miaka kumi kwamba kupunguza suruali nimeacha. Ameondoka na suruali yake inaburura.

Hisa 600 mara elfu tano. Milioni tatu. Nimeiandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kisha kwa chaki ya rangi.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo! Dobi kalisoma kwa sauti dukani kwangu: hisa zinagawanywa kumi kwa moja. Vigelegele nilivyopiga vimesimamisha pikipiki. Nikafungua simu. Hisa 600! Ziko pale, zinang'aa!

Bei: mia tano.

Simu imemeza sifuri, nikasema. Nikaizima, nikaiwasha. Mia tano. Nikazidisha mezani, nikapata laki tatu. Nikazidisha ukutani. Laki tatu. Zile 60 za jana mara elfu tano: laki tatu.

Hapo ndipo Mwalimu kaingia, shavu limevimba kama donge la uzi. Akaomba mita moja ya kitambaa. Akaikata vipande kumi kwa mkasi wangu, akauliza kama kitambaa kimeongezeka. Akasema kuna kugawa pipi na kuna kugawa hesabu, na kampuni haikuwa inagawa pipi. Dobi akasema shemeji yake hakufafanua ni kugawa kupi.

Nikamwambia Mwalimu kile ni kitambaa cha bibi harusi, akilipie.

Kutoka ng'ambo, mashine yangu ikaanza kuunguruma. Naijua sauti yake kama ya mwanangu. Dobi akasema, kwani wewe hukujua? Suti Moja ana kazi ya nembo mia nane tangu wiki iliyopita, amezunguka mji mzima akitafuta mashine ya kudarizi.

Mnafiki! Mtu anawezaje kujua jambo kama hilo, akamtazama mwenzake usoni, akanyamaza?

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu kaamka alfajiri. Anapiga pasi tu, hata nguo zilizokwisha kunyooka.

Suti Moja kaja asubuhi, mpole kama kondoo. Mashine inakata uzi, nembo arobaini zimeharibika. Anaomba nimdarizie kwa ujira. Nikae kwake, kwenye kiti chake, mbele ya mashine yangu! Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane, ndipo kichwa kikafanya kazi.

Juzi hisa ilikuwa elfu tano. Leo mia tano! Bidhaa ileile, kwa sehemu ya kumi ya bei! Na hakuna anayekimbilia! Chama kizima kimekaa kinalia, mimi ndiye pekee ninayepiga hesabu.

Nikamwambia nitadarizi, ila anilipe wiki nzima mbele. Kisha, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, nikamuuliza kama ovaloki yangu nzuri, ile mashine ya kuziba kingo za nguo, haimfai kwa taslimu.

Mkokoteni wake unakuja saa nne.