Nililala Katika Exposé ya Usingizi

Leo nimejiaibisha nikiwa nimelala. Ndiyo, nimelala. Mchana kweupe, darasa zima likinitazama.

Nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Leo ilikuwa zamu ya kundi letu kutoa exposé, yaani kufundisha mada mbele ya darasa: hatua za usingizi wa binadamu. Kundi lenyewe ni watu wawili, mimi na Bienvenu. Tukikosa pointi hapa, tunarudia kozi nzima. (Baba yangu ameshasema kwamba atakayerudia atakwenda kulima.)

Mpango ulikuwa wa Bienvenu. Yeye asome, mimi nijilaze kwenye kitanda cha mazoezi nijifanye mtu aliyelala. Akisema hatua ya kwanza, nirushe mguu kidogo, kama mtu anayehisi anaanguka. Ya pili, nipumue taratibu. Ya tatu, akiniita nisiitike. Ya mwisho, ile ya ndoto, nizungushe macho chini ya kope.

"Weye kazi yako iko nyepesi," akaniambia. "Kulala tu."

Sikumwambia kwamba dada yangu amejifungua, na kwamba mtoto ana wiki tatu duniani na hajaelezwa bado usiku ni wa nini. (Tunalala chumba kimoja. Yaani, tunakesha chumba kimoja.)

Saa nane mchana nikapanda kitandani. Shuka lilikuwa safi. Nje mvua ikaanza, mvua ile ya hapa kwetu isiyo na haraka, inayogonga mabati kwa ncha za vidole. Bienvenu akafungua daftari. Sauti yake ni nzito, sauti ya kwaya.

"Hatua ya kwanza. Mutu anaanza kuteleza..."

Nikarusha mguu. Darasa likacheka. Nikajisifu moyoni.

"Hatua ya pili. Moyo unapunguza mwendo. Joto ya mwili inashuka..."

Ikashuka. Nilihisi kabisa ikishuka! Sauti ya Bienvenu ikaanza kwenda mbali, kama mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya mto. Nikajiambia nifumbue jicho moja. Jicho likakataa.

Hatua ya tatu sikuisikia.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Bienvenu aliniita, nikakaa kimya kama tulivyopanga. Akaita tena. Akanifinya kidole cha mguu. Kimya. Akaanza kutoka jasho.

"Chef," akasema, "nazani huyu analala kweli."

Chef ndiye mwalimu wetu. Mzee mpole, mchoyo wa pointi, mwenye ndevu mbili nyembamba zinazoning'inia kila upande wa mdomo. Akaja, akaniinua mkono, akauachia. Ukaanguka pu!

"Mutu asimuamushe!" akasema kwa furaha. "Miaka yote nafundisha hii kozi na michoro. Leo niko na usingizi ya kweli. Bon, mukaribie na madaftari."

Wakanizunguka. Wakahesabu pumzi zangu. Kozi ilikuwa ya saa mbili, na mimi nikaitumia karibu yote.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa chini ya maporomoko ya Tshopo, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilitembea juu yake bila kulowa. Ukungu mweupe ulinukia sabuni. Hapakuwa na kelele yoyote, hata maji yalianguka kimya, polepole, kama pamba. Kisha akatokea mama mmoja muuza samaki, asiye na uso, akanifunulia beseni. Ndani mlikuwa na ngolo, samaki yule mwenye ndevu, mkubwa kuliko mimi. Akanitazama kwa huruma. Nikahisi namfahamu tangu zamani. Amani niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Kumbe huku nje Chef alikuwa ameinama juu yangu, anawaonyesha wenzangu kope zangu.

"Munaona macho inakimbia? Hapa ndiyo ndoto. Mwili iko imefungwa, hawezi kusimama. Lakini mara moja moja mudomo inaponyoka."

Mdomo ukaponyoka.

"Mama," nikasema, tena wazi kabisa, "huyu ngolo iko sawa na Chef wetu."

Kalamu zikasimama juu ya madaftari. Ikabaki mvua tu.

"Munikatie kichwa," nikaendelea. "Ndevu mubakie nazo."

Kilichoniamsha ni kicheko. Nikafumbua macho, na karibu kabisa na pua yangu zikaning'inia ndevu mbili nyembamba. Nikajua bado naota. Nikanyoosha mkono, nikashika moja.

Haikuwa ndoto.

"Mademoiselle," Chef akasema polepole (asingeweza kusema haraka, nilikuwa bado nimeshika), "mutu anayeamushwa katika hatua hii, ndoto yake anaikumbuka?"

"Anaikumbuka, Chef."

"Yote?"

"Yote, Papa. Munisamehe."

"Jibu iko sawa," akasema. "Sasa uachilie ndevu."

Tumepata kumi na sita juu ya ishirini! Bienvenu anasema bila mimi tungepata kumi. Darasani wamenipa jina jipya ambalo sitaliandika hapa. Na Chef, alipokuwa anatoka, nilimwona akisimama mbele ya kioo cha dirisha, akageuza uso kushoto, akageuza kulia, akajipapasa ndevu. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Kwa hiyo naomba msinicheke. Na nyinyi mnaongea usingizini, ila bahati yenu hakuna anayeandika.